Sahihi Mbili za Zuena

Usiniharakishe, msomaji. Najua umeshinda wiki nzima na ile kalamu kooni. Iko pale pale tulipoiacha, katika vidole vya Zuena, chini yake karatasi, na mlangoni mwa hoteli amesimama mzee Hezekia, mkono juu, kavaa suti ya kanisani siku ya Jumatano.

Kwa wale ambao gazeti lililopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitasema haraka. Zuena ni mwenye Hoteli ya Tulizana, hatua chache kutoka stendi ya Makambako. Aliiacha baba yao, yeye na mdogo wake, mtu aliyekuja na ujenzi wa reli, akaona baridi, akalalamika, akabaki mpaka akazikwa hapa. Chumba cha nyuma ya jiko ndicho alichozaliwa Zuena, na ndicho anacholala mpaka leo. Hana kingine duniani, na hajawahi kuona kwamba kimepungua.

Anayemsimamia begani ni Elius, Afisa Utandawazi wa kampuni iitwayo Mlango wa Dunia. Tai nyekundu, viatu vinavyolia, kompyuta ya kukunja ambayo tangu asubuhi haijakunjuliwa kwa sababu betri inapumzika. Elius anauza tovuti. Tovuti, kwa maelezo yake, ni kibao cha hoteli ambacho mtu wa Japani anakisoma akiwa kitandani kwake. Zuena aliuliza huyo Mjapani atafikaje Makambako kula supu. Elius akasema hilo ni swali la watu wa karne iliyopita.

Karatasi ina mahali pawili pa kutia sahihi. Pa kwanza Zuena alishatia. "Hiyo ni ya kuonyesha tu kwamba nimefika kazini, mama," Elius alimwambia. "Ofisi yetu kali sana." Pa pili akapafunika kwa kiganja, kwa heshima. "Hii ndiyo kazi yenyewe. Fikiri kwanza. Mimi simlazimishi mtu."

Kisha akamlazimisha kwa saa tatu.

"Andika, mama," sasa alinong'ona, jicho moja kwa mzee aliye mlangoni. "Saa sita ikigonga bei inabadilika, na jina Makambako la tovuti liko moja tu duniani. Yule bwana wa kwenye kona analisubiri."

Bwana wa kwenye kona aliinua kalamu yake, kuonyesha kwamba ni kweli analisubiri. Huyo alijitambulisha kwa jina la Hassani, mfanyabiashara wa Songea, miwani ya jua usoni ndani ya hoteli yenye dirisha moja.

Mzee Hezekia alishusha mkono. Mtu mwingine aliyepanda basi kutoka Njombe bila hata chai, akasikia stendi kwamba Elius yuko hapa, akakimbia na umri ule, angetamka neno lake moja akaanguka kitini. Lakini Hezekia ni Mbena wa Mjimwema, mpasua mbao, mzee wa usharika, na amekuta watu wameketi.

"Kamwene," alisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mzee," Zuena alijibu, kalamu hewani.

"Mmeamkaje hapa?"

"Tumeamka salama."

"Na baridi?"

"Tunaivumilia."

"Watoto wa jikoni?"

"Hawajambo, mzee."

"Na huyu bwana naye, kamwene."

Elius hakuitikia. Aliusogeza mkono wa Zuena karibu zaidi na karatasi, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa uji.

"Na yule mgeni wa kwenye kona, kamwene."

"Salama," Hassani alisema.

"Basi namshukuru Mungu," alisema Hezekia, akavua kofia. "Mama Zuena, usitie sahihi."

Zuena aliitua kalamu mezani. Elius akaiokota akamrudishia. Zuena akaitua tena, safari hii upande wa pili wa bakuli la pilipili.

"Mzee, nimekuuzia mbao? La. Wewe ndiye uliyeniuzia mbao za dari hii," alisema. "Kwa hiyo nakusikiliza. Kaa. Sema."

"Asubuhi ya leo," Hezekia alisema, "wamekuja na lori, wamebeba mashine yangu ya kupasulia mbao. Mashine nzima, na mkanda wake, na lile gogo lililokuwa juu yake. Dereva hata hakushuka. Nimeuliza vijana wake nina kosa gani. Wakaniambia, una tovuti."

"Unayo?"

"Nilikuwa nayo kwa muda wa dakika moja. Halafu nikairudisha."

Hapo Zuena hakuelewa, na wewe msomaji usiyesali Kilutheri hutaelewa pia, kwa hiyo acha mzee mwenyewe aeleze.

"Sisi ibada ikiisha tunatoka nje, kuna mnada," alisema. "Asiye na fedha ametoa jogoo, mwingine debe la viazi, mwingine maharage. Vile vitu vinanadiwa pale uwanjani, fedha ni ya kanisa. Sasa mtu mwenye moyo akinunua jogoo, haendi naye nyumbani. Analipa, halafu anasema, narudisha, auzwe tena. Watu wanapiga makofi, jogoo ananadiwa upya. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mpaka mwenyewe akachoka kushikwa."

"Hilo nimelisikia," alisema Zuena.

"Jumapili moja huyu bwana alikuja kusali. Alikaa mbele. Aliimba kuliko kwaya. Mnadani akasimama akasema naye ameleta sadaka yake, tovuti moja, na sehemu ya mapato itakwenda kwenye mnara wa kengele. Mimi ni mzee wa usharika. Macho yote yakanigeukia. Nikanyoosha mkono."

"Ukanunua."

"Nikanunua, nikalipa pale pale, nikaandika jina langu kwenye karatasi aliyoiita karatasi ya baraka. Nikasema, narudisha, iuzwe tena. Wakapiga makofi. Akanunua mama Dorosela, yule wa viazi. Akalipa, akaandika jina, akarudisha. Wakapiga makofi zaidi. Akanunua wa tatu, kijana aliyekuwa anasubiri kupakia mbao, si wa usharika wetu. Naye akaandika, akarudisha."

Zuena alimtazama Elius, kisha Hezekia, kisha Elius.

"Yaani mlinunua kitu," alisema polepole, "mkamrudishia aliyeuza, na mkampigia makofi."

"Ndivyo tunavyofanya kwa jogoo," Hezekia alisema. Alikuwa anaikunja kofia mikononi. Alikuwa anaona aibu kweli, na aibu ya mzee wa usharika si kitu cha kuchekwa, ingawa mimi nilicheka.

Kumbe ile karatasi ya baraka ilikuwa mkataba wa miaka mitano. Kilicholipwa uwanjani kilikuwa kiingilio tu. Kila mwezi kuna ada, ada isipolipwa kuna dhamana, na dhamana ya Hezekia ni mashine iliyosomesha watoto wake wote. Tovuti moja, ambayo hakuna aliyeiona, imewafunga watu watatu kwa mchana mmoja. Mnara wa kengele bado una matofali yale yale, na mbuzi wanapanda juu yake.

Tusimlaumu Elius peke yake. Hii ni miaka ya mnada. Kiwanda kimeuzwa, shirika limeuzwa, benki imeuzwa, na sisi tumeitikia kwa sababu waliouza walitamka ubinafsishaji bila kukwama. Elius aliona wakubwa wanauza vitu vya watu, akaamua yeye atauza hewa, ambayo angalau haina mwenyewe. Ila sasa hewa ile inabeba mashine.

"Mzee amechanganya mambo," Elius alisema, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Sheria ya biashara ya kimataifa haijui kurudisha. Lakini hayo ni ya Njombe. Hapa tuko Makambako, mji wa wajanja. Mama, zimebaki dakika kumi. Bwana Hassani, bado unalitaka jina?"

"Nalitaka sana," alisema Hassani.

"Umeona, mama? Mtu ametoka Songea."

Zuena aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye kona, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na Hassani. Huyu mwanamke amekulia stendi, akipeleka chai kwenye madirisha ya mabasi kabla hajajua kufunga kanga. Anajua kitu kimoja ambacho Mlango wa Dunia hawakukipeleleza.

"Bwana Hassani," alisema, "tangu saa tatu uko hapa. Umekula chapati, umekunywa supu, umeinua kalamu kila ulipotazamwa. Mbona hujauliza hiki kitu kinafanya kazi gani?"

"Mimi naelewa," alisema Hassani.

"Mimi nimeuliza ya Mjapani. Nimeuliza umeme ukikatika inakuwaje. Nimeuliza nikifa inamwendea nani. Wewe hujauliza lolote. Unajua pale stendi, basi likiwa tupu wanakaa ndani watu wa kukodiwa, ili abiria wa kweli adhani limejaa apande haraka? Wakishapanda wa kweli, wale wanateremka mmoja mmoja, wanakwenda basi jingine."

Hassani alivua miwani akaanza kuifuta.

"Abiria wa kweli anauliza gari linaondoka saa ngapi," Zuena aliendelea. "Wa kukodiwa haulizi. Yeye hasafiri. Wewe, baba, ulikuwa unakaa siti ya dirishani ya basi la Songea mwaka ule wa mvua nyingi. Nilikuwa nakuuzia mayai. Hujawahi kufika hata Njombe."

Jikoni mtu aliacha kukatakata vitunguu.

"Alisema kazi ni ya nusu siku," Hassani alimwambia Zuena, karibu kwa kuomba radhi. "Na chakula juu yake."

"Chakula umekula kwangu."

"Alisema atalipa yeye."

Hassani aliinuka, akatazama mlango, akapita katikati ya meza na kutoweka kwa ustadi wa mtu aliyeteremka mabasi mengi yasiyoondoka. Hezekia alianza kucheka. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akipiga goti lake, na watoto wa jikoni wakacheka, na Zuena akarudi mezani kwake kifua mbele. Aliichukua kalamu mbele ya Elius, akafungua dirisha, akaitupa barabarani.

"Sahihi ya pili huipati," alisema. "Chukua karatasi zako. Na mashine ya mzee irudi leo hii."

Hapa mimi mwenyewe, msomaji, nilidhani hadithi imekwisha na nikafikiri niende zangu kunywa chai. Lakini Elius hakukasirika. Elius alifungua mkoba, akatoa kalenda, ile yenye picha ya maporomoko ya maji na maneno Mlango wa Dunia kwa dhahabu, akaitandaza mezani na kuinyoosha pembe zake.

"Chukua tu, mama," alisema. "Hata bila sahihi."

"Kalenda ya nini?"

"Sahihi ya pili ilikuwa ya kupokea kalenda."

Hezekia aliacha kucheka.

"Ya kwanza," Elius alisema, sasa akiongea kama karani aliyechoka, "ndiyo mkataba. Soma juu yake. Wateja wote wanaibania ya pili. Tumejifunza hivyo. Mtu akishaikataa ya pili anajiona ameshinda, hasomi tena ya kwanza."

Zuena aliivuta karatasi. Ilisemwa pale, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kwamba mmiliki anaridhia dhamana iliyokwisha kuwekwa na mmiliki mwenzake. Alisoma mara mbili. Hoteli ya Tulizana iliachiwa watoto wawili wa marehemu, yeye na mdogo wake. Mdogo wake ana lori lake na shughuli zake, na mambo ya hoteli hajawahi kuyaingilia.

"Mmiliki mwenzake nani?" aliuliza. "Iliyokwisha kuwekwa lini?"

Elius alitazama saa yake.

Nje ikalia honi ya lori. Hezekia aliruka kwenda dirishani. "Mashine yangu," alisema. "Ndilo lori lenyewe. Basi letu liliwapita kizuizini, walikuwa wanaulizwa mbao ziko wapi."

Lilikuwa Fuso la buluu, turubai limefungwa juu ya mzigo mkubwa, na vijana wanne wamekaa juu ya turubai na mitaimbo magotini. Zuena alilijua lori lile. Alikuwa ameuza mbuzi zake kusaidia kununua matairi yake.

Mlango ukafunguka, akaingia dereva, kijana mnene mwenye furaha, kofia ya sufu yenye mistari ya kijani na nyeupe imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada," alisema Badru.

"Marahaba," alisema Zuena. Sauti ilitoka ndogo.

"Shikamoo, mzee. Nipe supu, dada, nina haraka. Nimepata tenda. Kampuni kubwa, nabeba mali za wadaiwa, Njombe mpaka hapa, na malipo ni siku hiyo hiyo." Alitoa kipande cha karatasi mfukoni na kukikunjua. "Nisaidie hapa. Wewe unawajua watu. Nimebakiza mzigo mmoja, wa hoteli, wameandika Kiwanja namba arobaini, Lyamkena. Nimezunguka mtaa mzima. Ni kwa nani huko?"

Hakuna mtu Makambako anayeijua nyumba kwa namba ya kiwanja. Tunasema kwa mama fulani, penye kibao, mbele ya fundi baiskeli. Zuena peke yake ndiye aliyewahi kukipangusa kile kibati kidogo kilichopigiliwa juu ya mlango enzi za baba yao, kikaliwa na kutu na moshi wa jiko. Aliinua macho akakitazama. Badru akafuata macho yake.

Aliisoma ile namba midomo ikitembea.

"Ndiye huyu," alisema Hezekia taratibu. "Kofia hiyo hiyo. Ndiye aliyenunua wa tatu."

"Badru," alisema Zuena. "Ulifanya nini kanisani?"

"Nilikuwa nasubiri mbao," alisema Badru. Furaha ilikuwa inamwondoka usoni kidogo kidogo. "Niliona wazee wananunua kitu, wanakirudisha, wanapigiwa makofi. Sikuona mtu akitoa hela, walikuwa wanamalizana kule mezani. Nikadhani hapo mtu ananunua makofi tu. Dada, mimi sijawahi kupigiwa makofi tangu nizaliwe. Nikanyoosha mkono. Huyu bwana akasema kama sina kitu mfukoni, niandike dhamana tu, ni desturi."

"Ukaandika nini?"

"Niliogopa kuandika lori."

Zuena alishika ukingo wa meza. Nikuambie ukweli, msomaji, nimemcheka kila mtu katika hadithi hii, lakini pale sikuweza. Mtu anaweza kumsamehe mwizi. Huyu hakuwa mwizi, alikuwa mdogo wake, yule aliyebebwa mgongoni na Zuena, aliyetazama vitu viwili walivyonavyo, akakipenda kile chenye magurudumu.

"Sahihi mbili za wamiliki zimetimia," alisema Elius, akifunga mkoba. "Bwana Badru, wewe ni mtu wa tenda. Mzigo ni mzigo. Waite vijana."

"Siwaiti," alisema Badru.

"Basi nitawaita mimi. Nao nawalipa mimi."

Zuena alifika mlangoni kabla yake. Alisukuma komeo, akazungusha ufunguo, akautoa, akatembea mpaka jikoni na kuutumbukiza katika sufuria la supu, lile kubwa la kwato, lililokuwa linatokota tangu alfajiri. Kisha akasimama mbele yake na upawa mkononi.

"Hoteli imefungwa," alisema. "Atakayetaka kutoka auteke ufunguo kwenye supu. Bwana Elius, kaa. Utaifungua hiyo kompyuta hapa hapa, utatuonyesha hiyo tovuti, sote watatu, na ukimaliza utaandika kwa mkono wako kwamba umerudisha. Uuzwe tena wewe."

Hezekia alivua koti la suti akalikunja vizuri juu ya kiti. Badru akajisogeza, kwa mara ya kwanza mchana ule, upande wa dada yake.

Elius aliwatazama wote, akaketi, akavuta kalenda karibu yake. Hakuonekana mtu aliyefungiwa. Alikohoa, akainua kichwa, akapaza sauti kuelekea dirishani.

"Vijana. Mkataba unasema hoteli pamoja na mabati."

Nje mitaimbo iligongana. Kisha miguu ikasikika inapanda, mizito, ikitembea kwenye mabati, juu ya dari iliyotengenezwa kwa mbao za Hezekia. Zuena alikuwa amefunga mlango, na dirisha alikuwa tayari kulilinda kwa upawa. Juu hakuwa amepafikiria.

Msumari wa kwanza uling'oka ukilia, na nyuma ya jiko, kwenye chumba kisicho na dari, mwanga wa mchana ukaangukia kitanda cha Zuena.